Jino la Nyundo ya Kushoto

Bunduki iliyokatwa jino haing'ang'anii nyundo. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale mjini, kwa sababu aliyelikata ni yeye.

Ilikuwa bunduki ya marisau ya zamani, mitutu miwili, nyundo mbili zimechomoza nje kama masikio ya mbuzi. Mwenye nayo, mkulima ambaye mtaa mzima ulimwita Kaka Mkubwa, aliilaza juu ya meza ya kazi saa nne asubuhi.

"Ya kushoto imekwama, fundi. Nikiipandisha nyundo, haishuki. Navuta kifyatulio mpaka kidole kinaniuma, na nguruwe wananimalizia mahindi."

"Haishuki kabisa?"

"Kabisa. Si wewe unayeijua vizuri?" Kaka Mkubwa alitabasamu. "Nitaipitia saa kumi."

Fundi hakulipenda tabasamu lile. Miaka mitano nyuma Kaka Mkubwa alikwenda kuwinda nguruwe na mdogo wake wa mwisho, kijana aliyeitwa Mluzi kwa sababu hakujua kutembea bila kupiga mluzi. Mdogo mtu akarudi juu ya machela, amekufa kwa risasi. Shamba la baba yao lilikuwa halijagawanywa, kwa hiyo watu walinong'ona, na polisi wakamletea fundi bunduki ile aseme kama ingeweza kufyatuka yenyewe. Isingeweza. Ilikuwa nzima kama yai. Lakini Kaka Mkubwa ndiye mwenye nyumba ile ya karakana, na jioni yake alikuja kuuliza kwa upole kama fundi angependa kuendelea kukaa. Basi fundi akalichomoa jino, kile kijichuma kinachoishika nyundo isianguke mpaka kifyatulio kivutwe, akaweka jingine alilolikata kwa tupa, kisha akaandika barua: bunduki ni mbovu, huenda ilijifyatukia. Njaa ya mtu mmoja ikamzika mwingine mara ya pili.

Jino zima hakulitupa. Kwao walirithishana ufundi na mwiko mmoja, kwamba chuma cha mtu hakitupwi. Alilitia kwenye kopo la vipuri, na kikaratasi chake kikining'inia.

Sasa aliifungua bunduki, akahakikisha haina risasi, akaibana kwenye jiliwa na kuipandisha nyundo ya kushoto. Kwa jino lile lililolika, hata chafya ingeiangusha. Haikuanguka. Akavuta kifyatulio. Akagonga kitako kwa nyundo ya mpira. Wapi! Akakagua springi, ilikuwa na nguvu zake. Akakagua pini, imenyooka. Akamulika ndani kwa tochi akaliona jino lake mwenyewe, limelika vilevile, limeshika ukingo mwembamba kama ukucha, na bado linaishika nyundo kama limechomelewa.

"Hebu acha utani," aliiambia bunduki, kama mafundi wanavyosema na vyuma.

Bunduki ikapiga mluzi.

Ulikuwa mluzi mwembamba, unatoka kwenye mtutu wa kushoto, na nje hata jani halikutikisika. Ikaja harufu ya baruti mbichi na majani yaliyolowa. Watu husema majini yana adabu ya kungoja giza. Hili halikufunzwa adabu hiyo. Jua lilikuwa utosini.

Mkewe, ambaye alishona nguo chumba cha pili, aliingia kuomba tone la mafuta ya cherehani. Alipopita mbele ya mtutu, nyundo ikashuka yenyewe. Kli!

"Baba watoto, mbona unanielekezea?"

"Haina kitu. Imebanwa, wala sijaigusa."

Akaigeuza jiliwa, mitutu ikatazama ukuta, akaikaza kwa nguvu zake zote. Akainama kuchukua bisibisi iliyoanguka, na alipoinuka mitutu ilikuwa imetazama mlango wa chumba cha pili ambako mkewe alikuwa akirudi na chupa ya mafuta mkononi, na nyundo ya kushoto, ambayo hakuna mkono ulioigusa, ilikuwa inapanda polepole kama inayopandishwa na kidole gumba cha mtu asiye na haraka, na mluzi sasa ulikuwa na wimbo, wimbo uleule uliokuwa ukitangulia mtaani kila asubuhi kabla mwenyewe hajakunja kona.

Mkewe alisimama wima.

"Huyo ni Mluzi," alinong'ona. "Nilimshonea mkewe nguo za msiba, nisiujue wimbo wa mumewe? Umeifanya nini bunduki ya watu?"

"Nili... nilibadilisha kijichuma."

"Mungu wangu. Anataka na wewe ubaki bila mke." Hakulia, alikasirika, na hasira yake ilimtisha fundi kuliko mtutu. "Kirudishe. Halafu ukaseme. Yote mawili, unasikia? Sitakufa kwa ajili ya tupa yako."

Alikirudisha, na jino zima lilipoingia mahali pake mluzi ukakatika. La kusema akaliahirisha. Kesho ipo, alijiambia.

Saa kumi Kaka Mkubwa alikuja. Wakajaribu kwenye pipa la mchanga nyuma ya karakana, kushoto mara moja, kulia mara moja, safi.

"Dawa ilikuwa nini?"

"Nimelirudisha jino la kwanza."

Tabasamu la Kaka Mkubwa likafifia. Akaikunja bunduki tupu katikati, mitutu ikatazama chini, akaitundika mkononi na kuondoka bila kuaga. Hakufika mbali. Fundi alisikia mluzi ukikunja kona, kisha mlio mmoja, kisha wanawake wakipiga mayowe.

Asubuhi yake afisa wa polisi aliilaza bunduki ileile juu ya meza ileile.

"Mashahidi wanasema ilikuwa imekunjwa ilipomuua Kaka Mkubwa, na iliyokunjwa hailii. Mimi mwenyewe nimeikagua, haina risasi. Tuandikie kama kawaida, fundi. Ni mbovu?"

Mkewe alisimama mlangoni, amekunja mikono.

Fundi akachukua kalamu. Aliandika kwamba bunduki ni nzima, kwamba ilikuwa nzima hata miaka mitano nyuma, kwamba haikuweza kujifyatukia siku alipokufa mdogo mtu, na kwamba jino bovu liliwekwa baadaye. Hapo akasita. Akaandika: *na mtu asiyejulikana.*

Harufu ya majani yaliyolowa ikajaa chumba. Nyundo ya kulia ikaanza kupanda, na mitutu ilimtazama yeye kifuani. Akafuta maneno yale mpaka karatasi ikachanika, akaandika *ni mimi*, akatia sahihi, na kabla kalamu haijainuka nyundo ikaanguka. Kli!

Afisa aliruka, akaifungua bunduki. Kwenye mtutu wa kulia mlikuwa na risasi nzima, na kitako chake kimeshachubuliwa na pini.

"Hii ilikuwa imepigwa," alisema kwa sauti ndogo. "Imekataa tu kulipuka."

"Haijakataa," alisema mke wa fundi. "Imemsamehe. Mpelekeni kwa mjane wa Mluzi, akaisome hiyo barua kwa mdomo wake."