Kanyaga Breki

Jua lilikuwa linazama fundi alipopiga jeki gari la marehemu kaka yake. Gari la mbio la zamani, jekundu, la milango miwili. Lilikuwa limelala gereji chini ya turubai tangu ekseli ya nyuma kulia ikatike kwenye kona na gurudumu kuchomoka. Kaka mtu hakutoka mzima.

Sasa binti wa kaka alitaka kuliendesha mashindanoni kesho. Mama yake alikuwa amepinga mpaka sauti ikamkauka.

"Liuzwe chuma chakavu! Lisifunguliwe hata nati moja!"

Wapi! Binti alikuwa na kichwa kigumu cha baba yake. Fundi akaona heri amfungie ekseli mpya, nene, za chuma kigumu, kuliko akafe kama babaye. Mtoto wa kaka ni mtoto wake, hilo halina mjadala.

Nati kubwa ya gurudumu haifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja huvuta spana, mwingine hukaa kwenye usukani na kukanyaga breki ili gurudumu lisizunguke. Leo wa kukanyaga alikuwa binti.

"Kanyaga!" fundi akaita kutoka nyuma.

Gurudumu la kushoto likakaza. Likalegea kidogo. Likakaza tena.

Fundi akacheka peke yake. Binti huyu, hata kukanyaga karithi! Kaka alikuwa na goti bovu. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga, unalegea, unakanyaga tena.

"Achia!"

Ikaachiwa.

Wakaenda hivyohivyo mpaka ekseli ya kushoto ikatoka, mpya ikaingia na kukazwa. Binti hakusema neno, naye si mtu wa kunyamaza. Kisha ikaja harufu... mafuta ya karafuu. Yale aliyokuwa akijipaka kaka gotini kila jioni.

"Umejipaka nini, mwanangu?"

Kimya.

Fundi akapuuza, akahamia kulia. Akaingiza waya wenye ndoano, akavuta kipande cha ekseli kilichobaki ndani tangu siku ya ajali. Kikatoka kimelowa mafuta meusi. Akakifuta kwa tambara.

Akakisogeza penye mwanga.

Nusu ya mvunjiko ilikuwa imechanika ovyo. Nusu nyingine ilikuwa laini, imekatwa kwa msumeno. Na kipande chenyewe kilikuwa kimezungushiwa uzi mweusi, mafundo kwa mafundo, na ndani ya mafundo... nywele. Ndefu, za rangi nyekundu ya hina.

Ukoo mzima, mwanamke wa nywele nyekundu ni mmoja tu. Na miaka yote ndiye aliyekuwa akimshikia mumewe spana.

Geti likalia. Binti akaingia, mama yake nyuma.

"Samahani, baba mdogo. Nilimfuata mama kituo cha basi. Nimekuchelewesha?"

"Ulitoka... saa ngapi?"

"Ulipokuwa unapiga jeki. Si nilikuaga?"

Fundi akageuka polepole kutazama kiti cha dereva.

Kitupu.

Akakisukumiza kile kipande mfukoni mwa ovaroli, akaingiza ekseli ya mwisho. Ikabaki nati moja.

"Shemeji," akasema bila kumtazama, "panda wewe unikanyagie."

"Mimi? Humo sipandi ng'o!"

"Mama naye! Dakika moja tu," binti akamtania. "Kwani litakung'ata?"

Akapanda. Mlango ukajifunga. Hakuna aliyeugusa.

"Kanyaga."

Likakaza.

"Achia."

Fundi akalisukuma gurudumu. Halikusogea.

"Shemeji, nimesema achia."

Sauti ikatoka ndogo, ya kunong'ona. "Siwezi... Kuna mguu... juu ya mguu wangu."

Harufu ya karafuu ikajaa gereji nzima.

Gurudumu likalegea kidogo. Likakaza tena.

Binti akauvuta mlango kwa nguvu zake zote. Haukufunguka. "Baba mdogo, njoo! Mama analia! Anamwomba nani msamaha?"

Fundi aliogopa. Lakini kesho mtoto angeliendesha gari hili. Akaishika spana kwa mikono miwili, akaikaza nati mpaka mwisho. Breki haikuteleza hata kidogo.

"Imetosha," akanong'ona. "Achia, kaka."

Haikuachiwa.