Chumba cha Mwisho Kushoto

Rafiki yangu akisimulia haya huangalia sakafu. Mwaka wa kwanza chuoni alijipendekeza kwa kila mtu mpaka akachaguliwa kiongozi wa ghorofa yao bwenini. Kazi yenyewe si kubwa: kila jioni abishe hodi kila mlango, aandike daftarini nani yupo. Katika chumba cha mwisho kushoto, kwenye korido iliyoungua taa, aliishi kijana mkimya, peke yake. Rafiki yangu aliona uvivu kufika huko, akawa anaandika tu "yupo".

Wiki ya tatu akaitwa ofisini. Mama mmoja alikuwa ameshika lile daftari.

"Mwanangu, nimekuja kuchukua vitu vya mwenzako wa chumba cha mwisho. Alirudi nyumbani anaumwa, tukamzika siku kumi zilizopita. Mbona umeandika jana alikuwepo?"

Rafiki yangu akachukua funguo. Akampeleka kule gizani. Kabla ya kufungua, kwa aibu, akabisha hodi. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Ndani kitanda kikalia, kama mtu anainuka. Mama akaangusha mfuko. Kisha sauti ya kijana ikasema taratibu, nyuma ya mlango:

"Leo umebisha."