Upande Alioketi Mama

Heritier alimkanyaga Honorata ndala mpaka kamba ikakatika, na kwa vurugu ya mwalo wa Kibirizi mwaka ule, hilo lilikuwa jambo dogo kabisa. Boti zilikuwa zinaingia kutoka Kagunga zimejaa wakimbizi wa Burundi, wauza dagaa wanagombea njia na watu wa misaada, na kila mtu anamtafuta wa kwake. Honorata, katika kitenge chake cha kijani, alikuwa anamtafuta mama yake. Yeye alivuka mapema, akapokewa na baba yake mdogo Bonifasi aliyepanga chumba mtaa wa Buzebazeba. Mama alibaki nyuma kuuza mbuzi, na sasa alikuwa amekwama ufukweni Kagunga, kwenye jua na kipindupindu.

Heritier alikuwa nahodha wa boti, kijana wa Ujiji ambaye babu zake walitoka Kongo. Aliinama kuokota ndala, jezi imepauka, miwani nyeusi machoni.

"Na miwani yote hiyo hukuniona?"

"Hii inaona chini ya maji, dada. Nchi kavu ndiyo inanishinda."

Akamvalisha miwani ile, akamgeuza atazame ziwa. Ule mng'ao wa kuumiza macho ukafutika, na Honorata akaona mawe, samaki, hata kamba ya nanga ilivyolala mchangani. Alipoinamisha kichwa pembeni, mng'ao ukarudi. Heritier akamweleza kama alivyoelezwa na mtafiti wa samaki aliyempa: mwanga ukigonga maji unaruka umelala, na kioo kile kinapitisha uliosimama tu.

"Kwetu wengi wanavaa hiyo," Honorata alisema. "Wakikutazama kabila, wanakupitisha au wanakuzuia." Wala hakuwa anatania.

Kwa hiyo wakapendana, katikati ya balaa lile lile. Simu zilikuwa kila jioni, Heritier akimwita mrembo, Honorata akimwita mukunzi wanje, yaani mpenzi wangu, na mjomba wa Heritier akilalamika kuwa chaji inaisha. Heritier alipotamka habari ya ndoa, Honorata alimjibu kwamba mahari atapokea baba mdogo, lakini idhini ni ya mama peke yake. Amlete mama kwanza. Heritier akavua miwani, akamwachia iwe rehani, atarudishiwa siku hiyo mbele ya mama mkwe.

Asubuhi moja akapiga kutoka Kagunga. "Ninaye hapa. Ananiuliza kama najua kulima."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia najua kula."

Honorata alicheka mpaka majirani wakachungulia. Boti haikufika. Ilipinduka njiani, na mama aliletwa mjini amefunikwa turubai.

Bonifasi ndiye aliyerudi matangani kutoka mwaloni na maneno. Alikuwa mtu wa "sisi" na "wao", na vita alikuwa amevuka navyo mpaka. Akasema wakimbizi wale walikataa kuketi pamoja, sisi upande huu, wao upande ule, na boti ilipolala, Mkongomani alikwenda kuwaopoa wao kwanza. Heritier alipokuja kupiga hodi, Honorata alimuuliza swali moja tu: alianza na kina nani?

"Nilianza na wale wengine," alisema, akianza kulia.

Honorata akafunga mlango kabla hajaeleza zaidi. Simu zake hakupokea tena. Alimchukia, na alijichukia zaidi kwa sababu bado alikuwa anamngoja.

Siku chache baadaye yeye na Bonifasi wakapakiwa kwenye mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Ndani ya basi watu wakajigawa vile vile, safu za kulia na safu za kushoto. Mwanamke mmoja wa upande wa pili, Margareta, alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Wewe ndiye Honorata," alisema. "Una uso wa yule mama."

Honorata akainuka, akavuka kusimama karibu naye, naye akamweleza. Upande wa mama yake na wenzake ulikuwa umeelemewa, maji yanaingia, nahodha anawasihi watu wahame. Hakuna aliyesogea. Mama peke yake ndiye aliyeinuka, akavuka katikati ya boti.

"Alituambia, nisogezeeni, mimi mzee sina upande. Akaketi nami, akanishika mkono. Tulipopinduka yule kijana alikuja kwetu moja kwa moja, anaita Mama Honorata, Mama Honorata. Akanitoa mimi, akidhani ni yeye. Akarudi. Jua lilikuwa linawaka juu ya maji, alikuwa anapapasa tu."

Miwani ilikuwa kwenye mkoba wa Honorata. Aliishika, kisha akampigia Heritier simu.

"Ulianza na upande aliokuwako mama," alisema.

"Sikuona chini, Honorata. Nilizamia mpaka nikaishiwa pumzi."

"Miwani nilikuwa nayo mimi."

"Usiseme hivyo, mrembo. Shuka. Nakuja sasa hivi."

"Matanga hayajaisha, siwezi. Yakiisha, njoo Nyarugusu na wazee wako."

"Baba yako mdogo atanipokea?"

Kwenye safu za kulia, Bonifasi alikuwa amesimama, anampungia mkono kwa hasira arudi kwa watu wake. Honorata alimtazama, akaona aibu kwa ajili yake na kwa ajili ya ule mlango alioufunga mwenyewe.

"Nitakupokea mimi," alisema.

Kisha akamwomba Margareta amsogezee. Margareta akasogea, wakaketi wamebanana, na basi likaondoka.