Msumari wa Kila Jumamosi

Kila asubuhi Mama Dobi hufungua bomba la uani kabla hajanywa chai. Kazi yake ni kufua mashuka ya nyumba za wageni, na shuka halifuliwi kwa maneno. Maji yake hutoka kisimani. Pampu huyavuta na kuyasukuma hadi kwenye tangi la presha, tangi la chuma la buluu linalomfika kiunoni, karibu na mlango wa jikoni. Mumewe ni dereva wa lori, leo yuko huku, kesho kule. Nyumba ni ya wawili: yeye na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hupiga pasi.

Kuna mwezi pampu ilishikwa na wazimu. Zamani ilinguruma dakika mbili tatu, kisha ikapumzika. Sasa ukifungua bomba, tak, inawaka. Tak, inazima. Tak, inawaka tena. Maji nayo yalitoka kwa kurukaruka.

Mama Dobi hakutafuta fundi kwanza. Alitafuta mkosaji. Alikuwa amemwona wifi akipangusa kisanduku cha swichi ya pampu, basi akahukumu papo hapo.

"Wewe ndiye uliyeichezea," alimwambia. "Tangu uiguse haijatulia."

Wifi alikana mara moja tu. Kisha akaingia chumbani kwake, akaanza kukunja nguo. Miaka minne wamekula sahani moja, na sasa mkoba ulikuwa kitandani, zipu wazi. Hapo ndipo Mama Dobi alipomwita Mama Spana, fundi wa maji wa nyumba ya tatu. Kusema kweli, alitaka shahidi kuliko fundi.

Mama Spana aliomba bomba lifunguliwe, akaitazama geji, ile saa ndogo inayoonyesha presha. Mshale ulipanda hadi arobaini, pampu ikazima. Kufumba na kufumbua ukashuka hadi ishirini, pampu ikawaka. Akaligonga tangi kwa vidole, juu hadi chini. Lilitoa mlio mzito uleule.

"Swichi yenu ni nzima," alisema. "Tangi limejaa maji tupu. Halina hewa."

"Si ndiyo vizuri? Tangi ni la maji."

Fundi alitabasamu, akaeleza. Ndani ya tangi kuna mfuko wa mpira. Maji hukaa ndani ya mfuko, hewa hukaa nje yake. Pampu ikisukuma maji, hewa hubanwa. Pampu ikipumzika, hewa hiyo ndiyo inayosukuma maji hadi bombani. Hewa ikiisha, ukichota kikombe kimoja tu presha inaanguka, na pampu inaamka. Pampu inayoamka kila mara haidumu. Mota yake huungua.

Akafungua kifuniko kidogo juu ya tangi. Chini yake palikuwa na vali kama ya tairi la baiskeli. Akaibonyeza. Hakikutoka kitu.

"Yangetoka maji hapa, ningesema mpira umepasuka, mtafute tangi jingine. Lakini mpira ni mzima. Hewa hii imetolewa. Nani hufungua kifuniko hiki?"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

Mama Dobi aliukumbuka msumari wake. Kila Jumamosi, akishapangusa tangi, alichukua msumari dirishani, akabonyeza hapo mpaka akasikia shhh. Aliogopa hewa ikizidi tangi litalipuka. Alikuwa akilicheulisha kama mtoto mchanga, na kujiona mwangalifu kuliko wote. Aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba si wake.

"Ni mimi," alisema kwa shida. "Miezi sita. Ni mimi."

Fundi hakumcheka, na wewe usimcheke. Mama Spana alizima umeme wa pampu kwenye swichi kuu. Akafungua bomba la chini mpaka tangi likaisha maji. Akapima hewa: sifuri. Akachukua pampu ya baiskeli, akajaza hadi kumi na nane, pungufu kidogo ya ile ishirini inayoiwasha pampu.

"Hewa hupimwa umeme ukiwa umezimwa na tangi halina maji," alisisitiza. "Mara mbili kwa mwaka yatosha. Na kisanduku cha swichi msikifungue. Ndani kuna umeme. Niiteni."

Umeme ukarudishwa. Pampu ikanguruma, ikajaza tangi, ikanyamaza. Mama Dobi akafungua bomba. Ndoo nzima ikajaa, maji yakitoka sawasawa, na pampu kimya.

Furaha hakuwa nayo. Alimgeukia wifi.

"Nilikusingizia. Nilikuwa na hakika kabisa, na ile hakika sijui niliitoa wapi. Nisamehe, wifi. Usiondoke."

Wifi alitoka mlangoni, akasogea karibu na tangi. Kisha akauliza, "Huo msumari uko wapi?"

Akapewa. Akaingia nao chumbani, na nyundo ikasikika mara tatu. Mama Dobi alipochungulia, msumari ulikuwa ukutani, na mkoba mtupu umetundikwa juu yake.