Mume Wangu Alinipiga Jukwaani, Watu Wakashangilia

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Temeke. Sina mume, nina mtoto mmoja wa kike. Sikio langu la kushoto halisikii kitu, na vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki. Kazi yangu ni kuigiza. Ndiyo, kazi hiyo hiyo ambayo wengi wenu mnasema ni ya wahuni... Msinihukumu kabla hamjanisikiliza, wasomaji wenzangu. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mie, kwenye mwili wangu huu!

Ilikuwa enzi zile za ruksa. Baa zilikuwa zinafunguliwa kila kona, kuanzia Temeke mpaka Kinondoni, na kila baa ilitaka kikundi cha sanaa cha kuvuta wateja Jumapili alasiri. Ngoma, sarakasi, muziki kidogo, halafu kichekesho. Mie nilijiunga na kikundi kimoja kama mcheza ngoma, nikiwa nimemaliza la saba tu. Huko ndiko nilikokutana na Rajabu.

Jamani, Rajabu alijua kuchekesha! Akipanda jukwaani na tumbo lake la matambara na kofia ya pama, watu wameshashika mbavu kabla hajafungua mdomo. Alinichagua niwe mke wake kwenye igizo. Baadaye akanioa kweli, kwa ndoa ya halali. Mama yangu alifurahi sana, akasema mwanaume anayechekesha watu hawezi kuwa na roho mbaya. Masikini mama!

Igizo lililotupa jina lilikuwa la mlevi anayerudi nyumbani na kukuta ugali haujaiva. Anamkimbiza mkewe jukwaa zima na mwiko, anamchapa makalioni, mke anapiga mayowe, anaruka, anaanguka, anainuka akitingisha kiuno... Mke huyo ndiye mie. Nilikuwa nafungwa mto ndani ya gauni, kwa hiyo mwiko haukuniuma. Ukumbi mzima ulikuwa unapasuka kwa kicheko. "Mtandike! Mwongeze!" Na waliokuwa wakipaza sauti zaidi ni wanawake wenzangu. Walikuja mbele kunitunza noti, wakarudi kwenye viti vyao wakijifuta machozi.

Mwanzoni yalikuwa maigizo tu.

Siku moja watu walinitunza mie kuliko walivyomtunza yeye. Nikamwona amenuna. Tulikuwa na kibao ambacho yeye hukipiga hewani na mie napiga makofi chini chini kutoa mlio. Siku hiyo alikipiga kweli. Kilitua shavuni, nikaona nyota! Nikayumba, nikaanguka vibaya, na watu wakacheka kuliko siku zote.

Nyuma ya jukwaa nilimuuliza, mume wangu, mbona umenipiga kweli?

"Hukuwasikia?" akanijibu huku akivua lile tumbo lake. "Leo ndiyo umeigiza."

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila Jumapili ngumi za mbavu, mateke ya tumbo, kuburutwa kwa nywele... Mto wa kiunoni ungenisaidia nini, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akinifunga kamba zake? Alijua ulipoishia. Kisha akahamishia mchezo nyumbani, kwenye chumba chetu cha kupanga Tandika. Nikipiga kelele, wapangaji wenzetu wanagonga ukuta wakicheka, eti Rajabu na mkewe wanafanya mazoezi! Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi na jicho limevimba. Naye akacheka. Akaniambia, "Wewe mama bwana, hata hapa kwangu unaigiza?"

Nimlilie nani, jamani?

Nilibaki na mtu mmoja tu wa kumwambia siri zangu. Aliitwa Tatu, binti wa jirani zetu wa zamani, ambaye mie mwenyewe nilimwingiza kwenye kikundi na kumfundisha ngoma. Alikuwa akiniita dada. Nikishapigwa, Tatu ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto na chumvi. Huku analia ananiambia, "Dada, ondoka. Huyu mwanaume atakuua." Nilimwona kama ndugu wa tumbo moja!

Jumapili moja tulikuwa na onyesho Kinondoni. Tulipofika pale mlevi anapotafuta kitu cha kunipigia, Rajabu hakuchukua mwiko. Alichukua stuli ya baa, ya mbao, akanipiga nayo upande wa kichwa. Kicheko cha watu kikakatika upande mmoja, kama dirisha lililofungwa ghafla. Damu ikanichuruzika shingoni. Na mie nilifanya nini? Niliinuka... nikatingisha kiuno... nikamaliza igizo! Watu walisimama wakashangilia. Nikaingia nyuma ya jukwaa na kuzimia.

Daktari alinieleza kuwa ngoma ya sikio imepasuka na sitasikia tena upande huo. Nilipotoka wodini, nilimpitia mwanangu kwa mama, kisha nikaenda Tandika kuchukua nguo zangu nihame. Nikasukuma mlango. Nani nilimkuta amekaa kitandani kwangu?

Tatu! Alikuwa na sindano na uzi, analipunguza gauni langu la jukwaani limtoshe.

Nikamwambia, Tatu, wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia niondoke... Hakuniangalia usoni. "Dada, nisamehe," alisema. "Tatizo lako wewe hujui kumtuliza. Mie nitamweza."

Rajabu akaingia, akanikuta nimesimama. Alinitoa kwa mateke mpaka uwanjani, mtoto mgongoni, mbele ya wapangaji wote. Talaka ilinifuata kwa mama.

Nilikaa pale kwa mama kama mgonjwa. Siku moja jirani aliyekuwa anamwoza binti yake akaja kuniomba niwachangamshe kina mama kwenye kichen pati, kwa kuwa wote walikuwa wananijua kwa lile igizo. Nilimwambia sina mwenzangu wa kuigiza naye. Akasema fanya hivyo hivyo peke yako.

Na mie nikafanya hivyo hivyo. Peke yangu.

Nilipiga mayowe pasipo wa kunikimbiza. Niliruka, nikaanguka, nikajiburuta kwa nywele zangu mwenyewe. Kichwa kilienda huku na kule kwa vibao ambavyo hakuna aliyeviona. Walianza kwa kucheka. Kisha kicheko kikapungua... kikaisha. Nikainuka kutingisha kiuno kama kawaida, na hakuna aliyecheka. Shangazi wa biharusi alipandisha mkono wa blauzi yake, akawaonyesha wenzake kovu refu, akaangua kilio. Yule jirani, mama wa biharusi, akanijia juu, akaniambia nimemharibia shughuli, niondoke na mikosi yangu!

Lakini wanawake walinifuata mpaka nje. Wakaniuliza nitafanya tena lini.

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Chama kimoja cha kina mama kikawa kinanipa nauli, nikaigiza Mwananyamala, nikavuka Kigamboni, nikasimama viwanjani na kwenye masoko. Nilikuwa sisemi neno hata moja. Niliigiza tu kile kipigo, bila mpigaji. Gazeti moja likaniita mwanaharakati. Neno lenyewe nilikuwa silijui, ilibidi nimuulize mwalimu mmoja jirani yetu! Wanawake walikuwa wakija kunishika mkono kimya kimya na kuondoka. Wengine walikwenda moja kwa moja kufungasha virago vyao.

Na wanaume je? Walinipiga mawe. Walinimwagia maji ya samaki. Waliniita malaya ninayewafundisha wake zao kiburi. Mmoja aliingia katikati ya duara nikiwa chini, akafungua mkanda wa suruali na kusema, "Kumbe shida yako umekosa mume? Ngoja nikusaidie!" Akanichapa nao mgongoni mara nyingi, na waliokuwa nyuma wakapiga makofi, wakidhani tumepanga. Ngozi ilichanika. Kesho yake niliigiza tena, Tandale, na gauni limegandana na kidonda.

Rajabu alinivizia bombani asubuhi, nikiwa nachota maji. Alinikamata mkono, akanilaza chini, akanikanyaga vidole kwa kisigino cha kiatu mpaka nikasikia vinavunjika. Kosa langu lilikuwa nini? "Umeniibia igizo langu!" alifoka. "Nililitunga mie! Tatu analicheza vizuri kuliko wewe!" Kina mama wa bombani walimrushia ndoo na mawe, ndipo akakimbia. Safari hii, angalau, hawakucheka.

Siku chache baadaye mama yake Tatu alikuja kwetu amejitanda khanga mpaka usoni. Akaniambia mwanawe ameng'olewa meno ya mbele na hataki kuondoka kwa Rajabu, akiulizwa anajibu kwamba ameanguka. Akaniomba nikazungumze naye. Nisiwadanganye, moyo wangu ulisema mwache naye aonje! Lakini yule mama alinipigia magoti, mtu mzima kama yule. Nikakubali.

Jumapili nikaenda kwenye baa walikokuwa wanaonyesha, hapo hapo Temeke. Nilikusudia nimsubiri Tatu baada ya onyesho, nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Alipotoka jukwaani sikumtambua. Alikuwa amekonda, gauni langu linampwaya. Rajabu akaingia anayumba kilevi, na ukumbi ukaanza kushangilia. Akamkimbiza, akamwangusha, akamwinua. Halafu akachukua mchi wa kutwangia.

Alimpiga nao kisogoni.

Nililisikia lile pigo kwa sikio langu moja. Tatu alianguka kifudifudi. Hapo ndipo mke huinuka akatingisha kiuno. Hakuinuka. Mguu wake mmoja ulikuwa unatetemeka tu, na watu wanacheka ule mguu!

Sikumbuki nilifikaje jukwaani. Nilipiga kelele, "Amemuua! Acheni kucheka, amemuua!" Mnajua walifanya nini? Walinitambua. Wakalipuka kwa shangwe. "Mke mkubwa kaja! Mke mkubwa kaja!" Mmoja akanirushia noti. Naye Rajabu, Mungu anamwona, aliwageukia, akashika kiuno na kukonyeza jicho. "Mnaona taabu ya wake wawili?" Ukumbi ukaangua kicheko ambacho sitakisahau mpaka naingia kaburini.

Nikamgeuza Tatu, nikamweka kichwa mapajani. Damu ilikuwa inamtoka puani na masikioni. Niliinua mikono yangu juu watu waione. Waliokaa mbele wakanyamaza kwanza. Kisha viti vya katikati. Kule nyuma walikuwa bado wanacheka, wanauliza kimetokea nini.

Tatu alikata roho kabla hatujafika hospitali. Nami nilikuwa nimeshamsamehe, lakini nani angemwambia?

Rajabu alikamatwa. Mahakamani alidai ni bahati mbaya ya kazini, mkono uliteleza. Baa nzima ilikuwepo pale, wanaume kwa wanawake, lakini wengi walioitwa walisema hawakuona pigo lenyewe, walikuwa wanacheka. Nilieleza nilichokiona, mama yake Tatu akaeleza ya meno. Rajabu alifungwa kifungo kifupi, kwa kuua bila kukusudia.

Mie bado naigiza. Sasa nina wasichana ninaowafundisha, na jukwaani kwetu hakuna anayeguswa. Bado narushiwa matusi, na siku nyingine mawe. Nikiumwa kichwa, ambacho huniuma sana, mwanangu huniuliza kwa nini siachi. Namjibu kuwa siku zile nilizonyamaza niliumia zaidi.

Dada zangu, wadogo zangu, mnaosoma haya, nawasihi! Mwanaume anayekupiga mbele za watu na watu wakacheka, mkiwa wawili atakufanyaje? Usidanganyike kwamba mwenzio alishindwa kumtuliza, wewe utamweza. Hakuna wa kumweza! Na wewe jirani unayesikia kelele ukutani, inuka ukagonge mlango. Ukikuta ni mazoezi kweli, utapungukiwa na nini?

Nimeyaandika haya leo kwa sababu moja. Rajabu ametoka gerezani. Nasikia yupo Gongo la Mboto, ameanzisha kikundi kipya na ameoa binti mdogo ambaye simjui hata jina. Mdogo wangu, kama gazeti hili litafika mikononi mwako, au likifungiwa vitumbua ukalisoma kipande tu... mie sina kinyongo na wewe. Usisubiri Jumapili. Vaa viatu, uondoke sasa hivi!