Mteremko wa Nyuzi Ishirini na Mbili

Kila Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu, Mbishi na mama yake waliingia kwenye uwanja wa nyumbani kwao kukata nyasi. Mama alianza na fyekeo kutoka barazani. Mbishi alimfuata na reki, akikusanya nyasi zilizokatwa na kuzirundika kando ya uzio. Uwanja huo waliachiwa na babu, mtu aliyependa nafasi. Ulikuwa tambarare kuanzia barazani hadi mbali, kisha ukateremka ghafla mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua.

Mbishi halikuwa jina lake la shuleni. Shangazi zake walimpa jina hilo alipokuwa na miaka minne, siku alipogoma kulala mchana kwa sababu, kama alivyowaeleza mwenyewe, usingizi ulikuwa bado haujafika. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina lilikuwa limemkaa kama nguo ya kushonewa.

Jumamosi hiyo Mama alisimama katikati ya kazi, akaweka fyekeo chini na kushika kifundo cha mkono wake wa kulia. Kilikuwa kimevimba.

"Nipe mimi, Mama," Mbishi alisema.

"Wewe shika reki yako."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo. Na juzi ulishindwa kukata kitambaa cha sare. Nilikuona."

Ilikuwa kweli. Mama alikuwa mshonaji. Mkono ule ndio ulioshika mkasi, na Baba alifanya kazi mbali, akirudi nyumbani mara moja tu kwa mwezi. Lakini uwanja nao haukuwa wa kuachwa. Nyasi zikifika magotini, mbu walijaa mpaka vyumbani.

Habari zilimfikia Mjomba, kaka mkubwa wa Mama. Mjomba alikuwa na moyo mkubwa, na vitu vyake vyote vilikuwa vikubwa: gari, saa ya mkononi, hata kicheko. Alipiga simu jioni ile ile.

"Jumamosi ijayo tunakwenda dukani. Nawanunulia mashine ya kukatia nyasi," alisema. "Zawadi yangu. Wewe, dada yangu, usitie neno."

Mama alishukuru mpaka sauti ikamkauka. Mbishi alifurahi pia, lakini hakukaa bure. Wiki ile mwalimu wa hisabati alikuwa akiwafundisha pembe, naye akaona kwenye mteremko wao pana pembe ya kwake mwenyewe. Alipima uwanja kwa kamba ya mita: urefu mita sitini, upana mita thelathini. Kisha akaenda kwenye mteremko. Alipigilia kigingi pale juu unapoanzia, akafunga uzi chini kabisa usawa wa ardhi, akauvuta kuelekea mtaroni. Alitumia chupa yenye maji nusu kuhakikisha uzi umelala sawasawa. Alipofika mita mbili na nusu kutoka kwenye kigingi, uzi ulikuwa mita moja juu ya ardhi. Akachora picha yake kwenye daftari la miraba, akaweka kipimapembe. Pembe ilikuwa ya nyuzi ishirini na mbili.

Dukani mashine zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, zinang'aa. Kulikuwa na ndogo za umeme zenye waya, za petroli za kusukuma, na mwisho kabisa, juu ya jukwaa, moja kubwa nyekundu yenye kiti, usukani na magurudumu manne. Mjomba alikwenda moja kwa moja kwenye ile nyekundu.

"Hii ni ya kupanda, Mzee," muuzaji alisema huku akiifuta kwa kitambaa. "Unakaa tu, inafanya kazi yenyewe. Uwanja wenu ni mkubwa?"

"Mkubwa sana. Tambarare kama meza."

"Basi hii imeumbwa kwa ajili yenu."

Mbishi alikuwa amekwisha kuchukua kijitabu cha maelekezo kilichoning'inia kwenye usukani. Alikisoma kwa haraka, kidole kikitembea chini ya mistari, mpaka kikasimama.

"Mjomba, uwanja wetu si tambarare wote," alisema. "Na hapa wameandika mashine hii isiendeshwe kwenye mteremko unaozidi nyuzi kumi na tano. Wetu una ishirini na mbili."

Muuzaji aliacha kufuta. Wateja wawili waligeuka. Mjomba alicheka, lakini kicheko kilikuwa kidogo kuliko kawaida yake.

"Nani kakwambia ishirini na mbili?"

"Nimepima."

"Watoto wa siku hizi. Mtu anapewa zawadi, yeye anaipima kwa rula." Akamgeukia muuzaji. "Usimsikilize. Vijitabu hivi huandikwa na watu waoga. Nileteeni nyumbani Jumatatu alasiri."

"Mjomba, inaweza kupinduka."

"Inatosha," Mama alisema kwa sauti ya chini, na Mbishi akajua kwamba imetosha kweli.

Walipofika nyumbani, Mama alimwita Mbishi chumbani kwake, akafunga mlango.

"Umemwaibisha kaka yangu mbele za watu. Nenda kamwombe radhi."

"Nitamwomba radhi kwa kumpinga mbele za watu, Mama. Hilo nilikosea. Lakini nikisema mteremko ni mdogo nitakuwa nimedanganya."

"Nani kakuambia udanganye? Nyamaza tu."

"Akikaa kwenye ile mashine akaanguka mtaroni, nitakuwa nilinyamaza."

Mama alikuwa mchovu, na mkono ulikuwa unamuuma. "Nenda," alisema.

Mjomba alikuwa barazani akinywa chai. Mbishi alisimama mbele yake, akasema yale aliyomwambia Mama, neno kwa neno, bila kupunguza na bila kuinamisha kichwa. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Radhi nimeipokea," alisema. "Hiyo hesabu yako tutaiona Jumatatu. Nitaukata mteremko mzima mbele ya macho yako."

Jumatatu alasiri mashine ililetwa kwa lori dogo, pamoja na fundi wa duka, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli na buti. Mbishi alikuwa ndiyo kwanza anatoka shuleni. Alimwamkia fundi, akaitikiwa, kisha akaenda kusimama kando ya Mama.

Fundi aliishusha mashine, akaijaza petroli, akamwonyesha Mjomba namna ya kuiwasha na kuizima. Mjomba akapanda. Ilikuwa kweli inapendeza. Ilipita kwenye uwanja wa tambarare ikiacha njia safi nyuma yake, na Mjomba alikaa wima juu ya kiti kama mtu anayekagua gwaride. Hata Mama alitabasamu. Mbishi mwenyewe, ndani ya moyo wake, alikiri kwamba kwenye tambarare ile mashine haikuwa na mpinzani.

Kisha Mjomba akageuza usukani kuelekea mteremkoni.

Mbishi hakufikiri. Alikimbia mpaka pale kigingi chake kilipokuwa, mashine ikiwa bado mbali, akasimama hapo na kunyoosha mikono.

"Ondoka," Mjomba alisema juu ya mngurumo wa injini.

"Siondoki, Mjomba."

"Nimesema ondoka."

"Nipige ukitaka, lakini siondoki."

Fundi alikuwa amekwisha kufika. "Zima, Mzee," alisema, na kwa namna alivyosema, Mjomba alizima. Fundi alimgeukia Mbishi kwanza, na uso wake haukuwa wa kumpongeza.

"Binti, sikia. Usisimame kamwe mbele ya mashine ya kukatia nyasi, hata kama una haki ya dunia nzima. Kisu cha chini hakijui nani yuko sahihi. Ukiona hatari, kaa mbali na umwite mtu mzima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," Mbishi alisema, akasogea kando.

Fundi alishuka mteremkoni kidogo, akatoa kwenye mfuko wa ovaroli kipimo cha mteremko, akakiweka juu ya ubao alioulaza kwenye nyasi, akakitazama.

"Nyuzi ishirini na mbili," alisema. "Nani aliwaambia wenzangu dukani kwamba ni tambarare kama meza? Mzee, hapa mimi mwenyewe sipandi, na hii kazi naifanya mwaka wa kumi na saba. Mwenzangu mmoja alipinduka mahali penye nafuu kuliko hapa. Mashine ilimlalia mguu. Mpaka leo anatembea na fimbo."

Mjomba aliutazama mtaro, akautazama usukani, akashuka kwenye kiti polepole, mguu mmoja baada ya mwingine.

Mbishi akaona ni wakati wake. "Tuchukue ile ndogo ya umeme," alisema kwa kujiamini. "Ni nyepesi, haina moshi, haina kelele. Mama ataiweza hata kwa mkono mmoja."

"Soketi iko wapi?" fundi aliuliza.

"Barazani."

"Na uwanja una urefu gani?"

"Mita sitini."

"Waya wa ile mashine una urefu gani? Na asubuhi nyasi zikiwa na umande, huo waya utaupitisha wapi ili usiukanyage wala usiukate?"

Mbishi alifungua daftari lake, akafunua kurasa, ingawa alijua hakuna kitu. Alihisi macho ya Mjomba usoni mwake. Angeweza kubisha. Angeweza kusema watanunua waya mrefu, na angepata maneno ya kulitetea neno hilo mpaka jioni. Hakuitwa Mbishi bure.

"Sikupima," alisema. "Niliipenda tu. Niliiona ni nzuri."

Mjomba ndiye aliyecheka kwanza, na safari hii kicheko kilikuwa na ukubwa wake wa siku zote. "Basi tumekuwa wawili," alisema.

Walikaa barazani wote wanne, daftari likiwa katikati yao. Fundi aliuliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza dukani: nani atakata, mara ngapi, ana nguvu kiasi gani, mashine italala wapi. Mwisho walikubaliana. Ile nyekundu ingerudi dukani, na badala yake wangechukua ya petroli ya kutembea nayo, yenye magurudumu yanayojivuta yenyewe, ili Mama awe anaiongoza tu bila kuisukuma. Mteremko hawangeukata tena. Wangepanda mimea ya kutambaa inayoshika udongo na isiyorefuka.

"Yaani miaka yote hii nimekuwa nikifyeka mahali pasipohitaji kufyekwa," Mama alisema, akikisugua kifundo chake.

Kabla ya kuondoka, Mjomba alimwita Mbishi pembeni, Mama akiwa anasikia.

"Mpwa wangu, nilikasirika kwa sababu nilitaka zawadi yangu ionekane, na wewe ulitaka ifae. Siku nyingine ukiona mtu mzima anakosea jambo la hatari, sema. Sema kwa adabu, sema ukiwa umepima, na ukiambiwa nyamaza, sema tena. Ila usiweke mwili wako mbele ya kisu. Na kuna jambo moja ulilofanya leo ambalo mimi na umri wangu huu silifanyi. Uliulizwa mbele ya watu, ukasema hukupima. Shika hilo zaidi ya hayo mengine yote. Mtu anayekubali alipokosea, hata akibisha kesho, watu watamsikiliza."

"Kwa hiyo kesho naruhusiwa kubisha?" Mbishi aliuliza.

"Kamuulize mama yako," Mjomba alisema, akiwa tayari anamsaidia fundi kusukuma mashine nyekundu kuelekea kwenye lori.