Nilizifuta Nyota za Mzee Sefu

Nina miaka arobaini na tatu, ni mama wa watoto wawili, na kwa zaidi ya miaka kumi na tano nimekuwa nikitengeneza picha za zamani katika chumba kimoja cha ghorofani, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Wengi wananiita Mama Picha. Nilikuwa nalipenda sana jina hilo. Siku hizi mtu akiniita hivyo, najifanya sijasikia...

Ndugu wasomaji, siandiki haya ili mnionee huruma. Sistahili. Naandika kwa sababu kila mahali nilipojaribu kusema ukweli nimechelewa.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuijua mtashangaa mtu mzima na akili zake aliwezaje kufanya nilichofanya. Mtu anafiwa na baba yake. Picha pekee iliyobaki ni ya kitambulisho, imekunjwa, ina madoa, pembe imeliwa na mende. Ananiletea. Naiingiza kwenye kompyuta, nafuta madoa, nanyoosha mikunjo, marehemu namvalisha suti hata kama maishani mwake hakuwahi kuigusa, uso namng'arisha kidogo. Mzee wa watu anatoka kijana! Wafiwa wanalia kwa furaha.

Nikimaliza, nahifadhi picha mpya palepale juu ya ile ya zamani. Miaka yote hiyo hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudi kuniomba ile mbaya. Nani anaitaka picha mbaya ya baba yake? Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyojua: kitone cheupe ni vumbi, na vumbi linafutwa.

Mzee Sefu nilimfahamu hivyohivyo, kwa msiba. Ni mzee wa Ilala, anakaa jirani na soko la Mchikichini, ana miaka themanini na kitu, na macho yake yanafifia kwa presha ya macho. Aliniletea picha ya marehemu mkewe iliyolowa mvua. Niliifanyia kazi wiki nzima. Alipoichukua aliisogeza mpaka ikagusa pua yake, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, umenirudishia mtu wangu." Kuanzia siku hiyo nikawa binti yake.

Sasa, huyu mzee alikuwa na habari yake moja ambayo mtaa mzima uliijua na hakuna aliyeiamini. Alipokuwa kijana kule Unguja, kabla ya Muungano, aliajiriwa kuosha picha katika kituo cha Wamarekani kilichokuwa kikifuatilia vyombo vya angani. Na jioni moja, alisema, alipiga picha yake mwenyewe ya chombo kikipita juu ya minazi, mtu akiwa ndani yake!

Kwenye kijiwe cha kahawa walimbatiza Mzee Mwezini. "Mzee Mwezini, leo huko juu kuna foleni?" Wanacheka, na yeye anacheka nao. Lakini mimi niliyemzoea nilijua kwamba kicheko kile kilimuuma.

Mwaka juzi akaja mbio studio, mzee wa kutembelea fimbo, jasho linamtoka. Kumbe kuna wachapishaji wa nje wanatengeneza kitabu kikubwa cha picha za kale za safari za angani, kile cha kulazwa mezani na kufunuliwa kwa mikono miwili. Dada mmoja, nimwite Neema, mwenye ofisi pale Posta, ndiye aliyekuwa akiwakusanyia picha za huku kwetu. Alimfikia Mzee Sefu kupitia ndugu zake wa Unguja.

Mzee alinikabidhi kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na negativu tisa za filamu, zimefungwa kwenye kitambaa cha kanzu.

"Hizi sijampa mtu yeyote tangu ujana wangu," alisema. "Nataka kitabu kije nikingali naona, japo kwa mbali. Wakikiona pale kijiweni, basi. Sitaki kingine." Kisha akapapasa, akachagua moja. "Hii ndiyo yenyewe. Chombo kinapita, na mtu yumo ndani."

Niliiinua dirishani. Niliona vivuli vya minazi, mlingoti wa mitambo na anga tupu lenye vitone vitone na mkwaruzo mmoja mrefu. Chombo sikukiona. Mimi nilidhani nitaona kitu chenye umbo la roketi, chenye moshi! Ningeuliza tu, "Mzee, kiko wapi?" Swali la maneno matatu! Lakini niliona aibu. Mama Picha mzima aulize? Nikaitikia, "Sawa baba, nimeiona."

Hapo ndipo nilipopotea.

Niliziingiza zote kwenye kompyuta. Picha nane zilikuwa za wafanyakazi, mitambo na vibanda. Nilizisafisha kidogo, hazikuwa na shida. Ile ya tisa nikaipa moyo wangu wote. Siku tatu nilifuta vitone, kimoja baada ya kingine, mamia. Mkwaruzo nao nikauziba taratibu usionekane. Likabaki anga jeusi tii, safi kama sufuria mpya! Nikahifadhi juu ya ile ya mwanzo, kama kawaida yangu.

Halafu nikataka kumfurahisha mzee. Negativu ilikuwa na ukungu, nyinyi mnalijua joto la Dar na unyevu wake. Nikasema siwezi kumrudishia chafu. Nikaiweka kwenye beseni la maji yenye sabuni kidogo, nilivyozoea kuosha filamu za harusi za watu. Sikujua kwamba filamu iliyoliwa na ukungu miaka mingi haivumilii maji. Mbele ya macho yangu ule utando wenye picha ukalegea, ukajikunja, ukaachana na filamu. Nilipoitoa, mkononi nilikuwa na kipande cha plastiki kinachoonyesha upande wa pili. Picha yenyewe imekuwa uji ndani ya beseni.

Nilimwaga yale maji kwenye mtaro. Nikajifariji... si ninayo kwenye kompyuta?

Nikamtumia Neema zote tisa, na baada ya siku chache akanipigia simu. Alinisifu kwa zile nane, kisha akauliza, kwa upole kabisa, nyota zimeenda wapi. Na ule mstari.

"Mstari upi, dada?"

"Ule mrefu angani. Mzee alinieleza, aliiacha kamera wazi kwa muda, chombo kikapita, kikajichora. Ule mstari ndio chombo chenyewe."

Akaniomba nimtumie ile ya awali ambayo sikuigusa, wakaisafishe wenyewe. Nikamjibu itapatikana baada ya siku mbili. Itapatikana wapi? Nilifungua kila faili kwenye ile kompyuta, nikatafuta huku nalia. Hakuna!

Mlangoni pangu kuna shoga yangu Mwajuma, anauza fremu. Nikamweleza. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa.

"We naye! Mstari mmoja tu ndo unakuliza hivyo? Si uchore? Mzee mwenyewe haoni vizuri, na hao wazungu watajuaje? Weka vinyota hapo, weka mstari, tuma, maisha yaendelee."

Simlaumu Mwajuma. Mkono uliochora ni wangu. Nilimwaga vitone vyeupe popote palipopendeza, nikavuta mstari mmoja mzuri, nikaongeza mikwaruzo ya bandia ionekane ya kale, nikatuma nikisema hii ndiyo ya awali. Neema akashukuru sana. Mzee nikamwambia kila kitu kiko sawa. Akaniombea dua!

Mwezi mmoja ulipita. Siku moja tukaitwa ofisini Posta, mimi na Mzee Sefu. Alivaa kanzu yake ya Idi na koti, akidhani tunaenda kusaini. Neema hakutabasamu. Alisema wataalamu waliiangalia picha. Kumbe kila nyota ina mahali pake angani, na zile zetu hazipo mahali popote. Na mstari ulilala upande ambao chombo hakikupita kamwe. Ile picha ni ya kutengeneza.

"Sisemi ni nani," Neema alisema. "Ila mkiniletea negativu, yote yataisha leo."

Mzee wala hakushtuka. Alinigeukia kwa furaha, mtu asiye na wasiwasi hata chembe. "Mwanangu, mpe negativu yake."

Nilikuwa na nafasi. Mungu alinipa nafasi pale, chumba kina watu watatu tu, maneno mawili yangetosha. Lakini nikafikiria jina langu, nikafikiria Kariakoo itasemaje... mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mzee, negativu ulizonipa ni nane. Hii uliniletea ya karatasi, ikiwa hivihivi."

Vidole vyake vikaanza kuhesabu juu ya goti. Moja, mbili, tatu... akafika tisa, akaanza upya. Nikaona kabisa anavyojitilia shaka, mzee wa watu! Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Labda. Kichwa changu siku hizi..."

Wachapishaji waliziondoa picha zake zote tisa. Hata zile nane za kweli! Walisema hawawezi kumwamini mwenye nazo.

Tulipokuwa tunashuka ngazi alinishika mkono. Nilidhani anatafuta pa kushikilia. Kumbe alitaka kuniomba radhi. "Nisamehe mwanangu. Nimekuponza kwa mambo yangu ya uzee." Nami nikamjibu... nikamjibu, "Usijali, baba." Niliwezaje? Mpaka leo najiuliza.

Habari ilifika kijiweni kabla yetu. Kicheko kikawa kingine sasa. Mzee Sefu akawa haendi tena, na siku alipokwenda, nikiwa napita na mfuko wa ndizi, nilimsikia mtu akimtania habari za chombo chake. Alijibu bila kuinua uso, "Zile zilikuwa porojo za ujana. Mimi sikuwahi kufika huko."

Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe! Mtu aliyeishinda dhihaka ya miaka yote ile, nimemfikisha mahali pa kuyakana maisha yake mwenyewe. Nikapita. Hata kumwamkia nilishindwa.

Kitabu kilipotoka, nilikiona dukani pale Posta. Kizito, huwezi kukishika kwa mkono mmoja. Nilifunua kurasa. Mnajua nilichokuta? Mikwaruzo! Vumbi! Alama za vidole za watu waliokwisha kufa! Walizirudishia picha nuru yake tu, mengine wakayaacha kama yalivyokuwa. Hakuna aliyevalishwa suti mle ndani. Nililia mbele ya muuza duka, akanivutia kiti.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Mzee Sefu. Nilimkuta kibarazani, macho sasa yanaona mwanga na giza tu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani? Mama Picha?"

Nikamweleza yote. Nyota, beseni, mtaro, Mwajuma, uongo wangu ofisini. Sikujibakizia kitu. Nilingoja anitukane, anipige fimbo, nilitamani anipige. Badala yake akauliza, "Zilikuwa tisa?"

"Zilikuwa tisa, baba."

"Na mkwaruzo uliuona kwa macho yako?"

"Niliuona. Mrefu, juu ya minazi."

Machozi yakamtoka. "Kumbe nilikuwepo," alisema. "Nilishaanza kudhani sikuwepo." Akaniambia niondoke, nimwache akae peke yake.

Nilikwenda kijiweni, nikasimama mbele ya wanaume wote wale, nikaapa kwamba picha ya mzee ilikuwa ya kweli. Wakatikisa vichwa kwa huruma. "Mama Picha ana roho nzuri, anamfariji mzee." Nilimwandikia Neema kila kitu. Alijibu kwa mistari miwili, kwamba kitabu kimeshachapwa, na kwamba mimi ndiye niliyewahi kumhakikishia mara mbili kwa uongo, je, hii ya tatu ataipeleka kwa nani? Hana kosa. Neno langu limeisha thamani, nami ndiye niliyelimaliza.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mnaokabidhiwa vitu vya watu, mafundi wenzangu, nawasihi. Usichokijua, uliza, hata kama umekaa kwenye kazi miaka ishirini. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo, aibu ikiwa bado ndogo. Na usimfanye mzee adhani kichwa chake ndicho kilichokosea, kwa sababu atakuamini!

Nina ombi moja la mwisho. Kama kati yenu yupo ambaye baba au babu yake alifanya kazi katika kituo kile cha Unguja, muulizeni kama anamkumbuka kijana mwembamba aitwaye Sefu, aliyekuwa akiosha picha. Kama anamkumbuka, njooni Ilala, ulizeni kijiwe cha kahawa karibu na Mchikichini, mtaelekezwa kwake. Mkae naye karibu, mumwambie nyinyi kwamba alikuwepo. Mimi nimeshamwambia, lakini anahitaji kulisikia neno hilo kutoka kwa mtu anayeaminika.